Viungo Taka Vilipoufukia Ukurasa Wetu

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa walimu na viongozi wa vikundi, Buhare, Musoma. Tumeyafupisha kidogo.)

Tunawashukuru kwa kufika Buhare mapema hivi, hasa ninyi mliotoka Tarime na Mugumu ambao tunajua mmedamka usiku. Tumepewa saa moja kueleza jambo ambalo wengine walituambia ni la mafundi wa kompyuta tu. Sisi si mafundi. Tunalileta kwenu kwa sababu lilitufika, na kwa sababu karibu kila mmoja hapa ana kikundi, shule au zahanati yenye tovuti ambayo haijaguswa tangu aliyeitengeneza aondoke.

Wengi wenu mnaufahamu ukurasa wetu wa msaada kwa mtoto wa kike. Unaeleza kwa Kiswahili rahisi mahali pa kwenda mtoto anapotishiwa kukeketwa: Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, ofisa ustawi wa jamii wa wilaya, na namba 116 ya simu kwa mtoto, ambayo kuipiga ni bure. Unaeleza pia kwamba tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai. Hauna picha nzuri, wala hauna mbwembwe. Lakini mwalimu akiandika kwenye simu yake "ukeketaji msaada Mara", ulikuwa unatokea juu. Nasi tulijua msimu wake. Wasomaji huongezeka Oktoba na Novemba, kabla shule hazijafungwa, kwa maana Desemba ndiyo miezi yote ya hofu iliyokusanywa katika mmoja.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza pale simu ya ofisi ilipolia. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu, habari za huko?"

"Nzuri, ila mama, samahani sana. Nimetafuta ule ukurasa wenu niwaonyeshe wazazi kwenye kikao, nimeletewa kamari."

Tulidhani amekosea herufi. Tukatafuta wenyewe. Jina la shirika letu lilikuwapo, lakini chini yake yalifuata maneno ya kamari kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu ofisini anayeijua. Ukurasa wenyewe wa msaada haukuwa wa kwanza wala wa kumi. Tulishuka chini sana kabla ya kuukuta. Mwalimu aliye mbele ya wazazi, na kifurushi chake cha intaneti kinaisha, hashuki mpaka huko.

Siku chache baadaye ikaja barua pepe kutoka kwa mtu asiyejulikana. Alisema kwa upole kwamba ameona tovuti yetu inashambuliwa na viungo vibaya, na kwamba yeye anaweza kuviondoa kwa malipo kidogo ya dola. Mhasibu wetu, ambaye amefuga maisha yake yote, aliisoma akasema: "Huyu anajua zizi limevunjwa kabla sisi hatujahesabu ng'ombe." Hatukulipa. Hadi leo hatuwezi kuthibitisha kama ni yeye aliyefanya au ni mpita njia aliyeona nafasi, lakini ukipata barua ya namna hiyo, usilipe.

Sasa tueleze kiungo ni nini, maana hapo ndipo tulipopotea sisi. Ukiandika kwenye tovuti yako "soma zaidi kwa fulani" na mtu akibonyeza akapelekwa kwa fulani, hicho ndicho kiungo. Mwaka 1998 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Larry Page na Sergey Brin, walianzisha Google kwa wazo moja kubwa: kiungo kichukuliwe kama ushahidi. Tovuti inayotajwa na wengi, hasa na wale ambao nao wanatajwa sana, ipandishwe juu. Kwetu hapa wazo hilo si geni. Ukienda kufungua akaunti benki unaulizwa barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Barua ya mwenyekiti ina uzito kuliko ya rafiki yako, kwa kuwa mwenyekiti anajulikana. Basi kila kiungo ni barua ya utambulisho.

Na palipo na barua, hapakosi wa kuzighushi. Mwishoni mwa mwaka 2003 watu wengi walikubaliana kuweka kwenye tovuti zao viungo vyenye maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mtu aliyeshindwa vibaya", vyote vikielekea kwenye wasifu wa Rais George W. Bush. Ukiyatafuta maneno hayo Google, Bush alikuwa wa kwanza, ingawa ukurasa wake haukuwa na maneno hayo hata mara moja. Google waliurekebisha mtambo wao Januari 2007. Wengine walighushi kwa faida. Februari 2011 gazeti la New York Times liliandika jinsi duka kubwa la JC Penney lilivyokuwa juu katika utafutaji wa bidhaa nyingi kwa nguvu ya maelfu ya viungo vilivyowekwa kwenye tovuti zisizohusiana nalo kabisa. Google wakalishusha.

Tarehe 24 Aprili 2012 Google wakaleta badiliko walilolipa jina la ndege, Penguin, la kuziadhibu tovuti zenye viungo vya kughushi. Ni jambo zuri, ila lilizua hofu mpya. Kama barua za kughushi zinamshusha mtu, adui yako afanye nini? Anachapisha barua chafu elfu kumi, anaandika jina lako, anakwenda kulala. Kwa ajili ya hofu hiyo, Oktoba mwaka huohuo Google walitoa chombo cha kukana viungo. Unaandaa faili la maandishi matupu, kila mstari jina la tovuti moja, unawaambia: hawa hatuwajui, msiwahesabu kwetu.

Hapo ndipo tulipokimbilia. Tulifungua Google Search Console, tukatoa orodha ya viungo vyote vinavyoelekea kwetu, tukakuta majina ya ajabu ya kamari na dawa za nguvu za kiume, mengine yasiyosomeka. Tukaogopa. Kwa haraka ya Novemba, na kwa hasira kidogo, tukakana kila jina la kigeni tusilolitambua mara moja.

Tukangoja. Badala ya kupanda, tukazidi kushuka.

Kosa letu lilikuwa hili. Katika majina ya kigeni walikuwamo marafiki wa kweli. Kulikuwa na parokia rafiki ya Ujerumani iliyotutaja kwa miaka mingi, maktaba ya chuo kikuu kimoja iliyoweka kiungo cha ripoti yetu ya maji, na chama cha wauguzi waliowahi kujitolea hapa. Zile ndizo zilikuwa barua zetu za mwenyekiti, na tulizichana kwa mikono yetu. Wakati huohuo zile chafu tulizokana huenda hazikuwa na kazi yoyote. Tangu Septemba 2016 Penguin hufanya kazi muda wote, na kiungo taka kinachogunduliwa mara nyingi hupuuzwa tu, hakihesabiwi kwa wema wala kwa ubaya. Google wenyewe wanasema tovuti nyingi hazihitaji kabisa chombo cha kukana. Ni cha yule aliyepewa adhabu na mkaguzi wao kwa ajili ya viungo, au anayeona dalili za wazi kwamba ataipata. Sisi hatukuwa tumeangalia hata kama adhabu hiyo tunayo. Hatukuwa nayo.

Aliyetuokoa ni kijana mmoja wa hapa Musoma anayesomea kompyuta, aliyekuja ofisini kuchukua barua ya mafunzo kwa vitendo. Alitazama orodha yetu akauliza, "Viungo hivi nimeona vinatoka wapi. Vinaelekea wapi?"

Ndugu zetu, wiki nzima hatukuwa tumeuliza hivyo. Tulikuwa tumehesabu wageni wote waliopita barabarani, hatukuangalia wanaingia mlango upi. Vile viungo havikuelekea kwenye ukurasa wa msaada wala wa mwanzo. Vilielekea kwenye kurasa za ndani ya tovuti yetu ambazo hatukuziandika. Ni kurasa za kamari, nyingi mno, zimejengwa katika chumba cha nyuma. Tukizifungua sisi tulipelekwa kwenye ukurasa wa kawaida, kwa hiyo tusingejua kamwe. Mtambo wa Google ukija, ulionyeshwa kamari.

Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini mtu wa mbali ahangaike na shirika dogo la Mara. Hakuwa na chuki nasi. Alitaka jina letu. Tovuti ya miaka mingi, inayotajwa na vyuo na makanisa, ina heshima mbele ya mtambo. Anayeendesha kamari hapandi kwa urahisi kwa jina lake, basi anapanga chumba kwako bila kubisha hodi, kisha anaelekeza maelfu ya viungo kwenye chumba hicho ili kipande haraka. Viungo taka vilikuwa moshi tu, moto ulikuwa ndani.

Aliingiaje? Hapa tunaona aibu, lakini tuseme. Tovuti ilitengenezwa kwa WordPress na mfanyakazi wa kujitolea aliyerudi kwao zamani. Programu za nyongeza alizoweka hazikuwa zimesasishwa kwa miaka, na moja ilikuwa imekwisha kuachwa na waliyoitengeneza. Neno la siri lilikuwa moja kwa wote, limeandikwa kwa kalamu ukutani, karibu na kalenda. Tena ukutani pa mapokezi.

Usafishaji ulichukua siku kumi na zaidi, na tunataka mjue mpangilio wake kwa sababu ukikosea unarudia. Kwanza tulibadilisha maneno yote ya siri: ya tovuti, ya kampuni inayoihifadhi, na ya barua pepe. Tukafuta watumiaji wawili wenye mamlaka kamili ambao hakuna aliyewajua. Tulikuta pia mtu asiyejulikana amejiandikisha kuwa mmiliki wetu ndani ya Search Console, na huyo asipoondolewa anaendelea kuwaamrisha Google kwa jina lako. Halafu kijana akatuonya tusifute kurasa chafu moja moja, kwa kuwa kulikuwa na kazi iliyopangwa kwenye seva ya kuzizalisha upya kila usiku. Ni kama kufagia maji bomba likiwa wazi. Tulirudisha nakala rudufu ya zamani iliyokuwa safi, kwa bahati ilikuwa kwenye diski ya mhasibu pamoja na picha za harusi ya binti yake, tukasasisha kila kitu, tukaiondoa ile programu iliyoachwa. Zile anwani za kamari tukaziwekea jibu la kwamba ukurasa umeondolewa kabisa na haurudi. Ndipo tukawaomba Google waikague tena tovuti.

Faili la kukana nalo tuliliandika upya. Faili jipya huchukua nafasi ya la zamani, hivyo marafiki walirudi mara tulipoacha kuwataja. Hata hivyo mtambo haurudi kwenye kila tovuti siku hiyohiyo, na baadhi ya barua zetu zilichukua wiki nyingi kuhesabiwa tena.

Tulitoa pia taarifa polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhusu anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta usio wake bila ruhusa, hata kama ni mfumo wa ofisi yenye kompyuta mbili. Iko pia TZ-CERT, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inayoshughulikia matukio ya aina hii. Hatutegemei kumwona mtu kizimbani, lakini taarifa ipo.

Je, tulirudi? Desemba ilitukuta bado. Hilo lazima tulikiri mbele yenu, kwa kuwa baadhi yenu ndio mliotafuta mkakosa. Tulipoona hatutawahi, tulichapisha ukurasa ule kwenye karatasi, namba 116 kwa herufi kubwa juu, tukaugawa kwa walimu, kwa wahudumu wa zahanati na kwa makondakta wa mabasi ya Tarime na Mugumu. Makondakta ndio waliotushangaza. Mmoja alirudi kuomba nyingine, akisema abiria wameichukua ya kwanza.

Maneno ya kamari chini ya jina letu yalipungua polepole, yakaisha Februari. Ukurasa wa msaada ulirudi miongoni mwa wa mwanzo Machi. Ule wa ripoti ya maji haujarudi ulipokuwa, na huenda usirudi, kwani wakati sisi tumelala wengine wameandika vizuri zaidi kuhusu visima.

Parokia ya Ujerumani tumeiandikia kuomba radhi kwa kuikana. Walijibu kwamba hawakujua kama wamekanwa.

Ukutani pa mapokezi sasa ipo kalenda peke yake. Baada ya chai yule kijana atakaa meza ya pale dirishani na kompyuta yake. Mwenye tovuti aandike jina lake kwenye karatasi ampe, ataangalia pamoja nanyi nani amejiandikisha kuwa mmiliki na kurasa zipi Google wanazijua kwa jina lenu. Tuanze na wa Mugumu, wana safari ndefu.