Utunzaji wa Jahazi na Kukaa Ndani Yake



Nimeombwa niseme machache juu ya kulitunza jahazi, na namna ya kukaa ndani yake safari iwapo ya siku nyingi. Ninyi mkaao bara huenda mkadhani kwamba chombo huvuja chini tu, mahali palipo majini daima. Hata mimi nilidhani hivyo nilipokuwa nahodha kijana.

Mwaka mmoja, kaskazi ikikaribia kwisha, jahazi letu lilikuwa limelala tupu bandarini Lamu majuma matano, nalo jua lilikuwa kali. Tulipakia nazi na makuti, tukatweka tanga kwenda Mombasa. Jioni tulitazama ngama, tukaona maji kidogo tu. Usiku, tulipokuwa mbele ya Kipini, baharia wa zamu akaniamsha: maji yamefika kwenye mzigo. Watu sita tulikumba hata alfajiri, na nazi nyingi tukazitupa baharini. Mmoja wetu alikuwa mtoto wa ndugu yangu, na hiyo ndiyo safari yake ya kwanza.

Tulipokipweleza chombo tukakuta mbao za chini ni nzima kabisa. Zilizovuja ni za juu. Zilikuwa zimekaukia juani na kunywea, pamba ikalegea. Kisha mzigo ulipolizamisha jahazi, mbao hizo zikaingia majini. Tena makumbi yalikuwa yameziba vijitundu vilivyo chini ya mataruma, maji yasiweze kutiririka mpaka mahali pa kukumbia. Ndiyo sababu jioni tulidanganyika.

Basi chombo kinachongoja mzigo kimwagiwe maji ya chumvi ubavuni asubuhi na jioni, na sitaha ifunikwe majamvi. Maji ya chumvi huhifadhi mbao. Ya mvua yakituama huziozesha, kwa hiyo yakaushwe upesi. Kabla ya kupakia, pitisha mkono katika kila tundu la ngama. Kazi hii inanuka, na vijana huikimbia, lakini haitaki fedha.

Chini nako kuna adui, yaani wadudu wa baharini watoboao mbao. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kipandishe chombo mchangani maji yakijaa, ukitie gadi pande zote mbili, na yakipwa ukikwangue, ukikalafati kwa pamba iliyolowekwa mafuta, kisha upake deheni ya shahamu na chokaa. Siku hizi wengine hupaka rangi ya dukani ya kuzuia viumbe wa baharini. Nayo ni njema, ila ubao uwe umekauka kwanza. Ukiikosa bamvua hii, utangoja majuma mawili.

Kuhusu kukaa chomboni, jambo kubwa ni maji ya kunywa. Kwa kunywa na kupika mimi humhesabia kila mtu lita 4 kwa siku. Watu 6 kwa siku 7 ni lita 168. Nami huchukua zaidi, maana upepo hauna ahadi. Usiyatie yote katika pipa moja, kwa kuwa likipasuka au likiingia maji ya bahari mmekwisha. Moto uwe ndani ya sanduku la mchanga, mbali na tanga, na uzimwe kabla ya giza kuu. Mikeka ianikwe kila siku, na jaketi la kuokolea la kila mtu likae pale alalapo, si chini ya mzigo.

Zamu ya usiku isiwe ya mtu mmoja peke yake. Mmoja ashike usukani, na mwenziwe ashuke ngamani kila saa na taa, apime maji kwa kijiti chenye alama, amwambie nahodha. Mimi huwaagiza waniamshe hata kama maji hayakuzidi.