Mti wa Sadaka kwa Waliofukiwa

Bismillahi Rahmani Rahim.



Mgeni afikaye Mbale huinua macho akausifu mlima Wanale kwa maji yake meupe yaporomokayo. Mwenyeji husifu pia, lakini hukumbuka. Usiku wa tarehe 30 Julai, 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika, ikaua watu zaidi ya 20. Na kabla ya hapo, jioni ya tarehe 1 Machi, 2010, upande wa Bududa, ubavu wa mlima Elgon ulimeguka ukakifukia kijiji cha Nametsi pamoja na kituo chake cha afya. Waliokufa na kupotea walikisiwa kupita 300. Maiti walioopolewa walikuwa 100 hivi.

Hapo ndipo penye uchungu. Aliyefiwa hana kaburi la kuzuru. Dua hufika popote, hapana shaka, lakini moyo wa mzazi hutaka mahali pa kusimama.

Kujenga juu ya makaburi kumekatazwa. Afanyeje, basi? Imepokewa kwamba Saad bin Ubada alifiwa na mama yake naye hayupo. Akamwuliza Mtume (S.A.W.) kama sadaka yake itamfaa marehemu, alipojibiwa kuwa itamfaa, akaitoa bustani yake kwa ajili ya mama. Tena imepokewa kwamba apandaye mti, kila kinacholiwa humo na mtu, ndege au mnyama huandikwa sadaka. Ukizikutanisha habari hizi mbili, njia imeonekana.

Lakini mti gani? Mkalitusi humea upesi, na upesi vilevile hukatwa ukawa nguzo. Ukumbusho gani huo wa kuuzwa sokoni? Heri mfenesi au mparachichi, ulishe watoto wa jirani. Au mringaringa, ambao huwapa mibuni kivuli, na majani yake huoza yakarutubisha udongo. Wala mtu asidhani kuwa mizizi huzuia kila maporomoko: ardhi ikimeguka toka chini sana, huondoka na miti yake. Wala asilaumiwe maskini alimaye mteremkoni, maana njaa ndiyo iliyompandisha huko.

Aibu iko kwingine. Aghalabu miche hupandwa kwa hotuba na picha, watu wakala pilau wakaenda zao. Kiangazi cha Januari kikifika, mche umekauka na hakuna aliyeuliza. Miche mitano yenye mwangalizi ni bora kuliko mia iliyoachwa. Maji ya udhu yanayomwagika bure msikitini yangetosha kuinywesha, na kila mtoto wa chuoni angeweza kukabidhiwa mmoja, aulinde na mbuzi.

Baadhi ya walionusurika Nametsi walihamishiwa Kiryandongo, mbali sana upande wa magharibi. Hao hawawezi kuja kumwagilia mti wa marehemu wao. Kazi hiyo ni ya jirani aliyebaki mlimani, awe Mwislamu au asiwe, na ndoo ya maji haina uzito wa kumshinda.