Si Kila Jiwe Jeusi ni Graniti: Mada kwa Mafundi na Wanunuzi wa Mawe ya Mapambo

Jiwe la Rosetta limo British Museum, London, tangu 1802, na kwa miaka mingi lilitajwa kuwa ni basalti nyeusi. Mwaka 1999 wahifadhi walilisafisha. Weusi ukaanza kutoka na kitambaa! Ilikuwa nta ya kanauba, iliyopakwa zamani kulikinga na vidole vya wageni, pamoja na mabaki ya wino wa wale waliochapa nakala za maandishi yake. Chini yake likajitokeza jiwe la kijivu lenye chembe zinazometameta, na mshipa wa waridi kwenye pembe ya juu. Ni granodioriti, ndugu wa karibu wa graniti. Cha kuchekesha ni kwamba Wafaransa walioliibua Misri mwaka 1799 waliliita graniti tangu siku za mwanzo. Makumbusho yaliacha kipande kidogo cha pembe ya chini bila kusafishwa, ili ionekane jiwe lilivyokuwa.

Ikiwa rangi iliwapoteza watu wa makumbusho, mnunuzi wa meza ya jikoni hana budi kuwa na wasiwasi.

Mkanganyiko unaanzia kwenye majina. Ukiagiza marumaru Dar es Salaam, huenda ukaletewa vigae vya kiwandani, kwa kuwa neno hilo siku hizi limebeba vyote viwili. “Graniti nyeusi” nayo, kwa lugha ya duka, ni jiwe lolote gumu la giza linalokubali kung’arishwa. Mwanajiolojia hakubali: kwake graniti ni lazima iwe na kwatzi na feldspa kwa wingi, madini ambayo kwa kawaida ni ya rangi nyepesi. Ndiyo maana graniti halisi haiwi nyeusi tititi. Jiwe maarufu la Mutoko, Zimbabwe, ni doleriti. Lile la Rustenburg, Afrika Kusini, ni la jamii ya gabro. Star Galaxy, linalochimbwa Chimakurthy katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, nalo ni la jamii hiyo, na vile vinyota vyake vya rangi ya shaba ni chembe za madini ya piroksini. Larvikiti ya Norwe, inayouzwa kwa jina la Blue Pearl, hujitambulisha yenyewe: igeuze kidogo kwenye mwanga, feldspa yake itamulika buluu.

Majina hayo ya biashara hayamdhuru mtu sana. Mawe yote hayo ni magumu, na sufuria ya moto haiyatishi.

Hasara inakuja pale chokaa inapovaa joho la graniti. Marumaru nyeusi ya Markina, Hispania, yenye mishipa myeupe, na ile nyeusi ya Ubelgiji isiyo na mshipa, kijiolojia ni mawe ya chokaa yaliyotiwa weusi na kaboni ya viumbe vya kale. Ni mazuri mno ukutani na kwenye sakafu ya sebule. Jikoni ni balaa. Tone la ndimu, siki au ukwaju likikaa juu yake huacha alama iliyofifia, na mwenye nyumba atasugua mpaka achoke, kwa kuwa pale uso wa jiwe wenyewe umeliwa. Hata nje hayafai: jua na mvua huyafanya yawe ya kijivu.

Basi fundi aanze na ndimu hiyo hiyo, upande wa chini wa bamba. Kwa asidi kali zaidi, jiwe la chokaa hutoa mapovu papo hapo. Kisha achukue kisu. Kalsiti ina ugumu wa 3 katika kipimo cha Mohs, chuma cha kisu kama 5.5, feldspa 6. Kwa hiyo chokaa itachubuka, ilhali kwenye gabro ni kisu kitakachoacha mstari wa chuma. Kioo cha kukuzia humaliza ubishi mwingi: gabro huonyesha chembe zilizoshikana, basalti chembe ndogo mno.

Yapo pia mawe ya kijivu yaliyopakwa rangi ili yapande bei. Haya hufichuliwa na asetoni, dawa ya kufutia rangi ya kucha: kitambaa cheupe kikitoka na weusi, rangi ni ya kopo. Upakaji si udanganyifu kila mahali, lakini. Wachongaji wa Tabaka, Kisii, hupaka rangi jiwe lao la sabuni kisha wakalikwaruza kupata nakshi nyeupe, na mnunuzi huona wazi anachonunua. Jiwe hilo ni laini kiasi cha kuchubuka kwa kucha.

Kabla ya kulipa, omba kipande kilichokatwa kwenye bamba lile lile, kipeleke nyumbani, kilaze na kipande cha ndimu juu yake mpaka asubuhi. Muuzaji akikataa kukupa, nenda duka la pili.