Kioo cha Chumba cha Kukhu

Natumaini umepata mahali pa kuketi, na kama Biblia yako i karibu, fungua kitabu cha Ayubu, sura ya 42, kuanzia mstari wa saba. Ukiwa jikoni na mikono yako ina unga, usisumbuke, sikiliza tu. Hapo twaona Mungu akimkasirikia Elifazi Mtemani na rafiki zake wawili, Bildadi na Sofari, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa. Nitarudi kwa wazee hao watatu. Kwanza nataka kukuambia habari ya dirisha.

Nyumba yetu iko Lugulu, si mbali na barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, mahali unapoweza kusimama mlangoni na kuviona vilima vya Chetambe. Wengi wenu mnaifahamu Lugulu kwa sababu ya hospitali ya Marafiki na shule ya wasichana. Majirani zetu wengi ni wa Kanisa hilo la Marafiki, na sisi Waanglikana tunaishi kati yao kwa amani. Nyumba yetu ni ya matofali, na madirisha yake ni ya chuma, yale ya kizamani yenye vioo vidogo vidogo vilivyoshikwa kwa pati. Chumba cha upande wa uwanja ndicho alalacho mama yangu mzazi, ambaye watoto wangu humwita Kukhu, kama tunavyomwita nyanya kwa Kibukusu.

Miaka michache iliyopita, siku moja ya mwezi wa Januari, nilirudi kutoka kumtazama mgonjwa nikakuta kioo kimoja cha dirisha la Kukhu kimeanguka. Vipande vilikuwa ndani juu ya kitanda na nje katika majani. Kijana wangu mdogo, ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi na mmoja, alikuwa amesimama hapo na mpira wake mkononi. Ulikuwa mpira wa matambara, uliofungwa kwa kamba za katani, kama watoto wetu wanavyojua kuufunga. Nikamwuliza, “Umevunja kwa nini?” Akajibu, “Baba, mpira uligusa tu.”

Ndugu msikilizaji, wewe ni mzazi. Ungeamini? Mpira wa matambara ni mwororo. Ukikupiga usoni unacheka. Nilijua hauwezi kuvunja kioo, basi nikaona mambo wazi kabisa: mtoto alirusha jiwe, kisha akajificha nyuma ya mpira. Kioo hakikunisumbua, maana bei yake haikufikia bei ya jogoo. Kilichonichoma ni uongo, tena nyumbani kwa mchungaji.

Jioni ile, wakati wa sala ya nyumbani, nikamwambia asimame aseme kweli. Akasema mpira uligusa tu. Nikauchukua ule mpira nikautia katika moto wa jikoni. Jioni ya pili nikamwuliza tena mbele ya dada zake, naye akasema vilevile, lakini kwa sauti ndogo. Jioni ya tatu nikamsomea juu ya Anania na Safira. Alitetemeka, akatazama sakafu, akasema, “Ni jiwe, Baba. Nilirusha jiwe.” Nikasema, “Bwana asifiwe!” Nikamwekea mkono kichwani, nikamshukuru Mungu kwa toba yake, tukaimba.

Nami nilifurahi kweli, sikuigiza. Imetupasa kufahamu tulikotoka. Sisi wa Kanisa letu, wengi tulilelewa na wazee wa Uamsho, ule uliowaka Gahini, kule Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Wazee hao walitufundisha kutembea nuruni, mtu asimame mbele ya ndugu zake ataje dhambi yake kwa jina lake. Ni hazina kubwa, nami sitaidharau. Mama yangu aliokoka katika mkutano wa namna hiyo, akarudisha jembe alilokuwa ameazima kwa jirani na kulificha miaka miwili. Lakini jembe lile alilirudisha mwenyewe, bila mtu yeyote kumsimamia jioni tatu.

Jumapili iliyofuata nilihubiri juu ya toba, nikatoa mfano wa mtoto fulani aliyevunja dirisha akakataa, kisha Roho akamgusa akakiri. Sikumtaja jina. Lakini Lugulu ni ndogo, na dirisha langu lilikuwa na katoni.

Naam, niliweka katoni. Nikaamuru kwamba kijana ndiye atakayelipa kioo, kwa kuuza mayai ya kuku wake, ili ajifunze. Kuku huyo akaatamia, akaacha kutaga. Februari ikapita, Machi ikapita, na katoni ikakaa pale. Mke wangu aliniambia mara mbili, “Baba watoto, mama atalala na upepo mpaka lini?” Nikamjibu kwamba somo halijaisha. Nilipenda kijana alione lile tundu kila aendapo shule.

Mwezi wa Aprili mvua zikaanza. Mnazijua mvua zetu za alasiri, jinsi zinavyokuja na mawe. Siku hiyo katoni ililowa ikaanguka kama ugali, na maji yakaingia mpaka kwenye godoro. Kukhu hakulalamika. Alihamia kiti cha jikoni, akajifunika blanketi, akafungua fundo la leso yake, akanipa fedha za kioo. Akaniambia, “Mwanangu, mvua haingoji mtoto amalize kutubu.”

Niliona haya. Sikuzichukua fedha zake. Kesho yake nikapanda pikipiki kwenda Webuye katika duka la vifaa vya ujenzi. Nilikuwa nimepima dirisha kutoka chuma mpaka chuma, nikakatiwa kioo cha kipimo hicho hicho, nikakizungushia magazeti, nikarudi nimekikumbatia kama mtoto mchanga.

Nikamwita fundi, mzee wa Kanisa la Marafiki, mtu asemaye maneno machache. Akakiweka kioo juu ya fremu, akakitoa. Akanieleza kwamba kioo hakikatwi sawasawa na nafasi yake. Hupunguzwa kama moja ya nane ya inchi kila upande wa kipimo, kwa kuwa chuma hutanuka jua likiwaka, nacho kioo hakiwezi kupinda. Kikibanwa, hupasuka bila kuguswa. Akachukua kisu chake cha kukatia kioo, akapiga mstari mmoja, akakivunja ukingo kama biskuti. (Kioo ni kitu cha ajabu. Ni mchanga, chokaa na magadi, kama yale yachimbwayo katika Ziwa Magadi hapa hapa Kenya, vikiyeyushwa pamoja katika moto wa nyuzi kama 1,500. Kimepita katika moto wa namna hiyo, na bado hakivumilii kubanwa.)

Kisha akaanza kubandua pati ya zamani kwa patasi. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Kwenye pembe ya chini kilikuwa kimebaki kipande cha kioo cha kwanza, ukubwa wa kiganja cha mtoto, kimeshikwa na pati. Fundi alikitoa polepole, akakitazama, akanyamaza. Halafu akanipa.

“Mchungaji,” akaniuliza, “dirisha hili lilipakwa rangi lini?”

Nikamwambia Novemba. Nililipaka kwa mkono wangu mwenyewe, tulipokuwa tukimngoja Askofu kwa ibada ya Kipaimara. Rangi ya samawati.

“Tazama mahali kilipovunjikia.”

Nikatazama. Kwenye ukingo uliovunjika, ndani kabisa ya unene wa kioo, palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya samawati. Mwanzoni sikuelewa. Mzee akangoja. Ndipo nikaelewa: rangi haiwezi kuingia ndani ya ufa usiokuwapo. Mwezi wa Novemba, miezi miwili kabla ya mpira, kioo kile kilikuwa tayari kina ufa, na brashi yangu ilipita juu yake.

Akanionyesha na sababu. Chini ya pati, fremu ilikuwa imeliwa na kutu, matabaka juu ya matabaka kama ganda la mti. Alinieleza jambo ambalo sikulijua, kwamba chuma kikigeuka kutu hakipungui ukubwa, bali huvimba, kikachukua nafasi kubwa kuliko mwanzo. Kutu ile ilikuwa ikisukuma kioo kutoka chini, mwaka baada ya mwaka, mpaka kikapasuka kwenye pembe. Ilibaki kuguswa tu. Nayo kutu niliiona Novemba. Niliona madoa yake mekundu, nikasema kwamba Askofu anakuja Jumapili, hakuna wakati wa kukwangua, nikapaka rangi juu.

Fundi hakunihubiria. Aliomba brashi ya waya.

Sasa turudi kwa Elifazi na wenzake. Tunapozoea kuwalaumu wazee hao, tunasahau kwamba walianza vizuri. Waliketi chini pamoja na Ayubu siku saba bila kusema neno. Tena mengi waliyoyanena baadaye ni mambo ambayo ningeweza kuyahubiri mimi: kwamba Mungu ni wa haki, kwamba mwenye dhambi na atubu, kwamba akirejea atarehemiwa. Kosa lao ni kwamba walikuwa wameshakata shauri kabla ya kumsikiliza. Walitaka toba kutoka kwa mtu ambaye, kwa jambo lile, hakuwa na la kutubia. Wakambana kwa zamu, sura baada ya sura. Ayubu akakataa. Alisema hatauacha ukamilifu wake mpaka afe.

Ayubu alikuwa mtu mzima, mwenye nguvu za kukataa. Mtoto wangu alikuwa na miaka kumi na mmoja, na aliyembana ni baba yake mwenye Biblia mkononi. Jioni ya kwanza alisema kweli nikaichoma pamoja na mpira wake. Jioni ya tatu akasema uongo, nami nikamshukuru Mungu kwa ajili ya uongo huo, tukaimba wimbo. Katika nyumba yangu, mtoto alijifunza kwamba ukisema kweli unaadhibiwa, na ukisema uongo unaotakiwa unawekewa mkono kichwani. Mimi nimesoma chuo cha theolojia, na mambo hayo niliyafundisha bila kujua kwamba nafundisha.

Tazama Mungu alivyowaamuru wale wazee. Hakuwaambia wajute kimya kimya katika hema zao. Aliwaambia wachukue ng'ombe saba na kondoo waume saba, waende kwa Ayubu, na Ayubu awaombee. Hebu fikiri safari ile, wazee wenye heshima wakiswaga mifugo njiani, na kila mtu anawauliza waendako.

Jioni ile, baada ya sala, nilisimama mahali pale ambapo kijana wangu alisimama Januari. Nilikuwa nimekiweka kile kipande cha kioo mezani chini ya taa. Nikawaonyesha wote rangi iliyo ndani ya ufa. Nikamwambia mwanangu, mbele ya mama yake na dada zake na Kukhu, “Ulisema kweli siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyekufanya useme uongo. Nakuomba unisamehe.” Nakiri kwamba yalikuwa maneno magumu mdomoni. Baba yangu hakunena hivyo kwangu hata mara moja, na baba yake hakunena hivyo kwake.

Kijana alinyamaza muda mrefu. Nilidhani atalia, au labda nilitamani alie. Akaniuliza, “Sasa, Baba, mpira wangu utakuwaje?”

Basi tukatafuta matambara. Nilifunga mpira vibaya sana, akaufungua akaufunga upya. Na Jumapili nikasimama mimbarini, nikawaambia wakristo kwamba mfano niliowapa mwezi wa Januari haukuwa wa kweli, na aliyehitaji kutubu ni mwenye kuhubiri. Mama mmoja mzee akaanza kuimba, na wengine wakamfuata.

Dirisha lilitengenezwa. Chuma kilisuguliwa mpaka kikang'aa, kikapakwa kwanza ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kikaachwa kikauke. Ndipo pati laini ikalazwa, kioo kikakaa juu yake na nafasi yake pande zote, kikafungwa kwa pati nyingine. Fundi alituonya tusipake rangi ya juu mpaka wiki mbili zipite, pati ipate kushika. Katika siku hizo mtu fulani aliibonyeza kwenye pembe ya chini kwa kidole gumba, kujaribu kama imekauka. Alama yake ipo mpaka leo chini ya rangi. Sikuuliza ni ya nani.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyesikia maneno ya Ayubu hata mwisho, uwasikie watoto ambao usiku huu wamesema kweli na hawakuaminiwa. Utupe sisi wazazi wao ujasiri wa kuwaendea kabla hawajalala. Uwafunike walalao karibu na tundu lenye katoni. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.