Ukilala Njiani na Punda Karibu na Ziwa

Leo sizungumzii ng'ombe. Nataka tuzungumze habari za punda, hasa ule usiku tunaolala naye njiani tunapohama kufuata maji.

Mwaka mmoja wa ukame nilifika kwenye kambi ya familia moja upande wa Ziwa Natron. Walikuwa wametembea siku mbili. Jioni, kwa uchovu, wakapiga kambi palepale kwenye njia ya wanyama wanaoshuka majini. Punda wao watatu wakafungwa miguu kwa kamba ya nailoni, wakaachwa walishe gizani. Kulipokucha, mzima alikuwa mmoja tu. Wa kwanza aliliwa na fisi, hakuweza kukimbia wala kupiga teke. Wa pili kamba ilikuwa imemkata mguu mpaka mfupani. Mama wa boma lile alibeba maji mgongoni hadi mvua ziliponyesha. Tumezoea kusema shukrani ya punda ni mateke. Siku ile niliona kwamba mateke yalikuwa yetu.

Basi tufanyeje?

Kwanza, simama mapema, kama saa kumi jioni. Punda hacheui kama ng'ombe. Anahitaji saa nyingi za kula, na akifika usiku atalala na njaa. Mteremshie mzigo kabla hujafanya jambo jingine, kisha kijana amchunge mpaka jua lizame.

Pili, chagua mahali. Usilale ukingoni mwa ziwa wala kwenye njia ya wanyama. Hapo ndipo fisi na simba hupita usiku, na kinyesi cha mifugo huchafua maji mtakayokunywa asubuhi. Kaa mbali, angalau hatua mia moja. Hata kule Marekani, watu wanaosafiri na farasi porini na kulala karibu na maziwa hutakiwa sehemu nyingi kuwafunga mbali na maji, mita 60 hivi.

Tatu, maji. Punda mwenye mzigo juani anahitaji kama lita 20 kwa siku, wakati mwingine zaidi. Yeye huvumilia kiu kimya kimya, ndiyo maana tunadhani ameshiba. Maji ya Natron yana magadi, hayamfai. Tafuta chemchemi na vijito vya maji baridi vilivyo pembezoni. Na kama ukingo ni wa matope, usimwingize. Punda aliyechoka akizama kwenye tope, kumtoa ni kazi ya watu wengi. Mchotee kwa ndoo.

Nne, namna ya kumfunga. Usiku mwingize ndani ya zizi la miiba pamoja na wenzake, na umwekee majani makavu. Ndani ya zizi hana haja ya kufungwa miguu. Kama miiba haipo, funga kamba imara kati ya miti miwili, juu kuliko kichwa chake. Kwenye kamba hiyo mfunge kwa hatamu, ukiacha urefu wa kumwezesha kufikisha mdomo chini, lakini usiomruhusu kujizonga miguu. Tumia fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja. Usimfunge shingoni kwa kitanzi kinachokaza. Moto uwake, na mtu abaki macho kwa zamu, maana wezi wa punda nao hutembea usiku.

Tano, asubuhi kabla ya kupakia, pitisha kiganja mgongoni mwake. Ukigusa joto, uvimbe au kidonda, siku hiyo asibebe. Inua kila ukwato, utoe mawe na miiba. Matandiko yawe makavu, na upande unaogusa ngozi usiwe na mchanga. Punda wa wastani mpakie kilo 50 hivi, zigawanyike sawa kulia na kushoto.

Na kama fisi amemng'ata akapona, usimfiche. Kichaa cha mbwa humpata punda pia. Mtenge, umwite afisa mifugo. Ukiguswa na mate yake kwenye kidonda au mdomoni, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama hujisikii vibaya.

Najua mtaniambia, bwana mifugo, baada ya siku nzima ya kutembea nani ana nguvu ya kukata miiba? Ni kweli. Lakini kazi ya saa moja jioni ni ndogo kuliko kiangazi kizima cha kubeba madumu. Kabla hamjahama safari hii, kaeni baba, mama na vijana, mpange nani atakata miiba, nani atachota maji, nani atalinda.

Nawatakia safari njema. Mfike wote, na punda wenu.