Ushuru kwenye pesa za kupigwa kalamu: tupige hesabu kabla ya kupiga makofi

Haya ndiyo niliyozungumza kwenye mjadala wetu wa sauti. Wengi mliomba maandishi, basi nimeyakata vipande. Kanuni yetu ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa wala chama.

1/ Kampuni ikitangaza kupunguza wafanyakazi, hukosi kusikia mmoja jukwaani akisema, "Tutaondoa ushuru kwenye malipo yao yote!" Mwingine anamjibu, "Hazina itakauka!" Leo wao wapige kelele, sisi tupige hesabu. Shika kalamu.

2/ Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema ukiachishwa kazi kwa sababu nafasi yako imeondolewa, mwajiri akulipe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Kando yake kuna notisi ya mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi badala ya notisi, na pesa za siku za likizo ambazo hukuchukua.

3/ Tuseme mtu analipwa 60,000 kwa mwezi, amefanya kazi miaka 12, na anapigwa kalamu mwisho wa Desemba. Nusu mshahara ni 30,000. Mara 12 ni 360,000. Kijijini watasema amepata pesa. Ukweli ni kwamba amepewa mishahara sita, na wa saba hajui utatoka wapi.

4/ Sasa mwajiri azirundike zote kwenye mshahara wa Desemba. Viwango vya PAYE vilivyoanza Julai 2023 vinatoza asilimia 10 kwa 24,000 za kwanza za mwezi, asilimia 25 kwa 8,333 zinazofuata, halafu asilimia 30 hadi 500,000. Mshahara wake wa kawaida umeshajaza zile ngazi mbili za chini. Kwa hiyo 360,000 yote inatozwa asilimia 30. Ushuru: 108,000.

5/ Lakini Sheria ya Ushuru wa Mapato ina utaratibu wake kwa fidia ya kupoteza kazi. Kama mkataba wako hauna tarehe ya mwisho na umetaja fidia, pesa hizo huhesabiwa kana kwamba unaendelea kuzipata baada ya kuondoka, kwa kiwango cha mshahara wako wa mwisho. Kwa mtu wetu ni 60,000 kila mwezi, Januari hadi Juni.

6/ Asipopata pato lingine mwaka huo, hesabu ya mwaka ni hii: 288,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni 28,800. Zile 72,000 zilizobaki kwa asilimia 25 ni 18,000. Jumla 46,800. Ondoa afueni ya mwaka ya 28,800. Anabaki kudaiwa 18,000.

7/ Rudia tena: 108,000 au 18,000. Tofauti ni 90,000, mshahara wake wa mwezi mmoja na nusu, na hakuna mswada wowote uliopitishwa. Kwa hiyo kabla hujatia sahihi barua ya kuondoka, muulize mwajiri pesa zako zimehesabiwa katika miezi ipi, na akupe hesabu hiyo kwa maandishi. Kama umekatwa kupita kiasi, una miaka mitano kuomba KRA ikurudishie. Na mwaka unaofuata usikimbilie kujaza fomu ya sufuri ati kwa sababu huna kazi. Ile fidia ni pato lako la mwaka huo.

8/ Je, sheria yenyewe ibadilishwe? Mimi nasema ndiyo. Tangu Desemba 2024, anayelipwa pensheni baada ya kufikisha umri wa kustaafu hatozwi ushuru. Vizuri sana. Lakini aliyepoteza kazi akiwa na miaka 42, na mtoto yuko sekondari, bado anatozwa. Mstaafu aliijua tarehe yake miaka mingi kabla. Huyu alipewa mwezi mmoja.

9/ Hata hivyo, "tuondoe yote" inanitia wasiwasi. Meneja wa milioni moja kwa mwezi ndiye atakayefaidi zaidi kuliko mlinzi wa lango. Na waajiri wengine wataanza kuziita bonasi za wakubwa "fidia". Uganda inasamehe robo ya fidia ikiwa umemfanyia kazi mwajiri huyo miaka 10 au zaidi. Uingereza haitozi pauni 30,000 za kwanza. Mimi napendelea hii ya kikomo: kiasi cha kwanza kisiguswe, kinachozidi kitozwe. Kikomo cha 500,000 tu kingemwacha mtu wetu na pesa zake zote, na meneja angeendelea kulipa kwenye zile za juu.

10/ Kumbukeni kifungu cha 210 cha Katiba: ushuru hautozwi, hausamehewi wala haubadilishwi ila kwa sheria. Ahadi ya mkutanoni haina nguvu mpaka iandikwe kwenye mswada na ipite bungeni. Mswada wa Fedha huletwa kila mwaka na wananchi huitwa kutoa maoni. Hapo ndipo pa kuandika hoja yako, hata iwe ukurasa mmoja.

11/ Basi mwanasiasa wako akiahidi kuondoa ushuru huu, muulize matatu. Kikomo ni shilingi ngapi? Kinahesabiwa mara moja maishani, au kila mtu anapopoteza kazi? Pengo la mapato litazibwa na nini? Akijibu yote matatu, mpigie makofi. Akijibu kwa wimbo, endelea kushika kalamu yako.

Maswali leteni hapa chini, nitajibu moja moja.