Pendulamu: Uzi, Jiwe na Saa ya Ukutani

Msikilizaji, funga jiwe kwenye uzi wa mita 1, lining'inize, kisha lisukume kidogo. Litakwenda na kurudi kwa takribani sekunde 2. Weka jiwe zito zaidi: muda ni uleule, maana kinachoamua ni urefu wa uzi na mvutano wa dunia. Uzi ukirefushwa mara nne, muda huongezeka maradufu. Hiyo ndiyo pendulamu, na mwaka 1656 Christiaan Huygens wa Uholanzi aliitumia kuunda saa sahihi kuliko zilizotangulia. Ajabu iliyoje kwa kitu rahisi hivyo! Basi saa yako ya pendulamu ikichelewa, usikimbilie kwa fundi. Pandisha kidogo ule uzito wa chini, itaongeza mwendo.